Je, sababu yangu inatosha kuniingiza kwenye siasa?

SWALI: Nina miaka 41, ni fundi cherehani, nina mume na watoto wawili. Siasa sikuwahi kuipenda. Mwaka jana mtoto wa jirani aligongwa na gari mbele ya lango la shule akafariki, na tangu siku ile silali vizuri. Nilianza kuulizauliza, watu nao wakaanza kuniambia nigombee udiwani. Mume wangu anasema siasa ni mchezo mchafu. Mimi mwenyewe sijui kama ninachotafuta ni barabara salama au ni jina. Mtu wa kawaida huingia kwenye siasa kwa sababu gani, na nitajuaje kama yangu inatosha?

JIBU: Dada yangu, inatosha. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaouliza kama wewe huwa wanasubiri ruhusa, na miaka inapita wakiisubiri. Haki ya kushiriki katika uendeshaji wa nchi yako imo kwenye kifungu cha 21 cha Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948, na haikuwekewa sharti la kuwa na sababu tukufu. Cha kupima ni kama sababu yako inaweza kufanya kazi. Uchungu wa kweli kabisa unaweza kumzungusha mtu mwaka mzima, akahudhuria mikutano kumi, akaongea mpaka sauti ikakauka, na lango la shule likabaki vilevile.

Mwaka 1961 Peter Clark na James Wilson, wataalamu wa siasa wa Marekani, waligawa vivutio vinavyowaleta watu kwenye vyama na vikundi katika mafungu matatu. Kuna faida ya kushikika: kazi, zabuni, kiwanja, nauli. Kuna raha ya kuwa na wenzako: urafiki, heshima, kuitwa kwa jina ukiingia ukumbini. Halafu kuna lengo lenyewe, yaani kutaka jambo fulani likae sawa hata kama wewe hupati kitu. Karibu kila anayedumu kwenye siasa amechanganya hayo, na kila fungu lina uhai wake. Lengo huwasha moto upesi, lakini lisipoona matokeo kwa miezi michache hupoa. Faida ya kushikika humfunga mtu kwa aliyeitoa; mtoaji akihama chama, naye anahama. Raha ya wenzako ndiyo inayomrudisha mtu kwenye kikao cha tisa, mvua inanyesha na ajenda nzima ni mkataba wa kuzoa taka. Kwa hiyo siku utakayojikuta unafurahia tu kukaa na wale wanaokuunga mkono, usijihukumu. Bila furaha hiyo wachache sana wangefika mwisho.

Suala la jina lisikutese, lakini lipime. Chukulia kesho asubuhi unakuta matuta yamewekwa, kivuko cha pundamilia kimechorwa, na diwani anapiga picha pale akisema ni kazi yake. Wewe hukutajwa. Usiku utalala? Ukilala, unatafuta barabara. Ukikosa usingizi, basi unatafuta vyote viwili, na hilo halikuzuii kuendelea. Linakuonyesha tu pa kujichunga. Mtu mwenye njaa ya jina hukataa ushindi mdogo ukiletwa na mwingine. Vibaya zaidi, humnyima mwenye uamuzi ile sifa ambayo ingemsukuma aamue. Diwani naye ni mtu mwenye sababu zake: anataka kuonekana ametenda. Mwachie akate utepe.

Kabla ya hatua yoyote ya hadharani, nenda kwa wazazi wa yule mtoto. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wewe, pamoja na mapenzi yako yote, ni jirani. Usiandike jina la mtoto, usitumie picha yake, usitaje tarehe ya ajali kwenye barua wala kwenye kipaza sauti mpaka wakubali, na ruhusa hiyo iwe ya kitu kimoja kimoja: jina litajwe au lisitajwe, picha itumike au isitumike, mbele ya nani. Rudi kuwauliza kila unapopanda ngazi, kwa maana aliyekubali jina la mwanawe litajwe kwenye kikao cha wazazi huenda hataki kulisikia kwenye redio. Wakikataa, heshimu, na kazi haitasimama: kasi ya magari na idadi ya watoto wanaovuka vinatosha kubeba hoja. Harakati za aina hii zinaweza kuvunjika kutoka ndani familia ikikuta picha ya marehemu wao kwenye bango lenye rangi za chama. Hakuna msamaha unaorudisha kitu kama hicho.

Unalolitaka lina mfano mzuri wa kujifunzia. Mwaka 1971 nchini Uholanzi watu wapatao 3,300 walikufa kwa ajali za barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi na majirani wakaunda kikundi walichokiita Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto, na mwenyekiti wake wa kwanza, Maartje van Putten, alikuwa mama kijana. Waliandamana kwa baiskeli, wakakaa kwenye sehemu zenye ajali nyingi, wakafunga mitaa kwa muda ili watoto wacheze, wakaendesha baiskeli hadi nyumbani kwa waziri mkuu Joop den Uyl wakiimba. Lakini hawakuishia hapo: walijua mtaa gani ubadilishwe na ubadilishwe vipi. Mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 ulipoilazimisha serikali kutangaza Jumapili zisizo na magari, nchi nzima ikaona kwa macho mitaa inavyokuwa magari yakipungua, na hawa walikuwa na madai yao tayari mkononi. Mwaka 1976 sheria ya Uholanzi iliitambua mitaa ya makazi ambamo gari hutembea kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Van Putten alichaguliwa kuingia Bunge la Ulaya mwaka 1989. Tazama mfuatano huo: jambo moja, kikundi, madai yanayochoreka kwenye ramani, sheria, na bunge baadaye sana. Wanaokuhimiza ugombee sasa hivi wanataka uanzie mwisho.

Sasa tuipe sababu yako mahali pa kwenda. Chukua karatasi uandike sentensi moja yenye mambo manne: kitu gani, mahali gani, nani mwenye saini, kabla ya tarehe gani. “Nataka barabara salama” haipiti. Inayopita ni kama hii: “Kivuko cha pundamilia mbele ya lango la shule na tuta moja kila upande, viidhinishwe na kamati ya barabara na kuingizwa kwenye rasimu ya bajeti ya mwaka ujao kabla haijafungwa.” Sentensi hiyo ikikushinda kuandika, hujakosa sababu; umekosa taarifa, na taarifa zinatafutwa.

Taarifa ya kwanza ni mwenye barabara. Hapa ndipo wengi hupoteza nusu mwaka. Mara nyingi barabara kuu huwa chini ya mamlaka ya kitaifa na mitaa ya ndani chini ya baraza la mji, na lango moja la shule linaweza kukaa hasa pale zinapokutana. Ukipeleka barua ofisi isiyohusika, hawatakukatalia. Wataipokea, wataiweka kwenye faili, utaambiwa usubiri. Kwa hiyo barua yako ya kwanza kabisa isiombe tuta. Iulize swali moja: barabara hii, kuanzia sehemu fulani hadi sehemu fulani, iko chini ya mamlaka gani?

Taarifa ya pili ni kalenda ya bajeti. Omba tarehe nne: siku ofisi zinapoanza kukusanya makadirio, siku ya mwisho ya kupokea maoni ya wananchi, kikao cha kamati, na kikao cha kupitisha. Watu hujaa ukumbini siku ya kupitisha, mabango juu, wakati tarakimu zimekwisha kufungwa wiki kadhaa nyuma. Siku hiyo diwani anayekupenda hana tena cha kukupa ila maneno mazuri. Ukifika miezi minne hadi sita kabla, afisa anayeandika makadirio bado ana nafasi kwenye karatasi yake.

Halafu pima. Hili ndilo litakalokutenganisha na walalamikaji mia waliokutangulia. Pima mita 100 kwa utepe kando ya barabara, weka alama mbili zisizovutia macho, msimame wawili mahali salama nje ya njia, mmoja kwenye kila alama. Wa kwanza anainua mkono gari likipita, wa pili ana saa ya kuhesabu sekunde. Gawanya 360 kwa sekunde ulizopata, jibu ni kilomita kwa saa. Sekunde 12 ni kilomita 30, sekunde 9 ni 40, sekunde 6 ni 60. Pakiwa pafupi tumia mita 50 na ugawanye 180, ila makosa ya kidole yanakuwa makubwa zaidi: ukikosea sekunde 0.3 kwenye gari linalokwenda 60, kwenye mita 50 utaandika kati ya 55 na 67, na kwenye mita 100 utaandika kati ya 57 na 63. Usichague magari yanayokimbia. Pima kila gari la tano linalopita, upate 100, kwa asubuhi tatu za siku za shule. Msivae fulana zinazong'aa wala kushika ubao, madereva wakiwaona watapunguza mwendo na utapima tabia ambayo haipo.

Mtu mwingine ahesabu watoto wanaovuka, kwa vipande vya dakika 15, kuanzia dakika 60 kabla ya kengele. Ukimaliza una ukurasa mmoja: magari 100 yalipimwa, mangapi yalizidi 30, la kasi zaidi lilikwenda ngapi, watoto wangapi walivuka kwenye dakika 15 zilizojaa zaidi. Kiwango cha 30 hukukibuni. Azimio la Stockholm la Februari 2020 kuhusu usalama barabarani lilizitaka nchi ziweke kikomo cha kilomita 30 kwa saa pale magari yanapochanganyikana na watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, na Agosti mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaliunga mkono. Mhandisi wa barabara akiiona karatasi hiyo anajua anaongea na mtu aliyefanya kazi, na mara nyingi yeye ndiye rafiki wa kwanza utakayempata ndani ya ofisi, kwa sababu ombi lenye takwimu linampa silaha ya kuwaambia wakubwa wake.

Hudhuria vikao viwili vya baraza bila kusema kitu. Kaa unapoona nyuso. Andika nani analeta hoja, nani anaungwa mkono, nani anatazamwa na wenzake kabla hawajanyoosha mikono. Huyo wa mwisho mara nyingi si mwenyekiti. Omba kumbukumbu za vikao vya mwaka uliopita utafute jina la barabara yako. Kuna maneno ya kujifunza kuyasoma: “imepokelewa” maana yake imefika, haijakubaliwa, “imepelekwa kwa wataalamu” ni lazima iwe na tarehe ya kurudi, la sivyo imezikwa, “imeahirishwa” mara mbili kwa jambo lilelile ni dalili kuwa kuna mtu halitaki na hapendi kulikataa hadharani.

Barua yako iwe ukurasa mmoja, sentensi yako kuu ikiwa juu kabisa, matokeo ya vipimo yafuate, na mwishoni uombe jibu la maandishi kwa tarehe unayoitaja. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila mhuri huo, miezi mitatu baadaye barua yako haikuwahi kuwepo. Ukipewa nafasi ya kuzungumza, kwa kawaida ni dakika chache. Maneno 300 yanatosha dakika tatu. Sema unachotaka kwenye sentensi ya kwanza, kwa maana wanaoanza na historia hukatizwa kabla hawajafika kwenye ombi.

Na usiende peke yako. Mwaka 1965 mchumi Mancur Olson alieleza kwa nini mambo yenye faida kwa wote huwa hayana wa kuyapigania: tuta likiwekwa litamlinda hata mtoto wa yule aliyebaki nyumbani, kwa hiyo kila mmoja ana sababu ya kumsubiri mwenzake. Kundi dogo huvuka kikwazo hicho kwa urahisi kuliko kubwa, kwa sababu asiyekuja anaonekana. Ndiyo maana nashauri uanze na watu watano hadi saba, kila mmoja na kazi yenye jina lake: vipimo, barua, kumbukumbu, fedha, mawasiliano na wazazi wa shule. Wanachama 200 wa kundi la simu hawawezi kufanya kazi ya hao saba.

Namna ya kuwapata ni moja: waombe. Mwaka 1995 Sidney Verba, Kay Schlozman na Henry Brady, waliochunguza ushiriki wa raia Marekani, walieleza kuwa wasioshiriki huwa hawawezi, au hawataki, au hakuna aliyewaomba. Hilo la tatu liko mikononi mwako. Na uombe uso kwa uso. Mwaka 1998 Alan Gerber na Donald Green walifanya jaribio kwa wapigakura wapatao 30,000 wa New Haven, Marekani: waliogongewa mlango na mtu wakazungumza naye walijitokeza kupiga kura kwa wingi ulioonekana wazi, barua ziliongeza kidogo, na simu kutoka kwa wapigaji wa kulipwa hazikuongeza kitu. Kwa hiyo mfuate mtu kwake, mtaje kwa jina, mwombe kitu kidogo chenye siku na saa: “Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dakika 90, unishikie saa ya kupimia.” Ukimwambia tu “tuungane,” atakuitikia na hatakuja.

Mambo yanayoharibika yanajulikana, na mengi hayaanzi kwa maadui.

Hasira huisha. Kwa wengi huisha baada ya kelele za kwanza na kabla ya jibu la kwanza. Wahenga wanasema hasira hasara, lakini hasira iliyopangiwa kazi ina faida zake. Hasara ni kuitegemea ikubebe mwaka mzima. Panga kitu kidogo cha kushinda mapema: shule ikubali kumweka mtu mzima langoni kila asubuhi, au kibao kimoja cha muda kiruhusiwe. Kikundi kilichowahi kushinda kitu kimoja, hata kidogo, hakivunjiki kirahisi.

Mtu mmoja kushika kila kitu. Utakuwa wewe, usipoangalia, kwa sababu una bidii. Siku mtoto wako akiugua, harakati nzima italala kitandani naye. Nakala za barua ziwe nyumba mbili, na kila kikao kihudhuriwe na watu wawili.

Fedha. Hata kama ni za kutoa nakala tu, ziwe na daftari, risiti, na saini mbili kwa kila matumizi, zisomwe kwa sauti kila mwezi. Anayetaka kukuangusha hatashughulika na hoja zako za matuta. Ataanza na swali la nani anakulipa, na jibu lako bora ni daftari lililofunguliwa mezani.

Kuvishwa kilemba cha ukoka. Utaalikwa kwenye kamati ya ushauri, utapewa kiti cha mbele, picha itapigwa, na tangu siku hiyo utaona aibu kuuliza maswali makali kwa wenyeji wako. Kabla ya kukubali kiti chochote uliza mambo matatu: kamati inaamua au inashauri tu, kumbukumbu zake zinatolewa kwa wananchi, na inamaliza kazi lini. Inayoshauri tu, kwa siri, bila mwisho, ikatae kwa adabu.

Na vyama. Vitakuja, kwa sababu umekusanya watu, na watu ndio mtaji wao. Zungumza na vyote, pokea ahadi kwa maandishi, ila kikundi cha barabara kisivae rangi ya chama chochote hadi barabara ikamilike. Kikivaa, nusu ya wazazi wanaondoka siku hiyohiyo, na baraza likiongozwa na wapinzani wa chama hicho, tuta lako limegeuka kuwa ushindi wa adui. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ndilo kosa linalofanywa na watu wema kabisa, waliochoka, wakapata anayewapa ukumbi na vipaza sauti bure.

Mume wako usimbishie kwamba siasa ni safi. Mwulize anaogopa nini hasa, maana ndani ya neno “mchafu” huwa kuna mambo manne tofauti: rushwa, matusi, kupoteza wateja, na hatari ya mwili. Kila moja lina dawa yake. La rushwa linajibiwa na daftari. La matusi linajibiwa na makubaliano kwamba hutajibizana mtandaoni usiku. Wateja: amueni pamoja ni saa ngapi kwa wiki, na saa sita zinatosha kwa kazi ya aina hii, ukiacha wiki za vipimo na za vikao. La hatari ya mwili ndilo zito, na wewe ndiye unayejua mazingira yako. Mahali ambapo wanaouliza maswali huandamwa, barua isiwe na saini moja bali ya wazazi wengi, mtu asiitwe ofisini akaenda peke yake, na ndugu mmoja ajue kila mara ulipo na unarudi saa ngapi. Wekeni pia mpaka wa fedha za nyumbani ambazo hutazigusa. Mkiandika hayo, mume wako atakuwa ameshiriki kupanga, na wengi waliosema siasa ni mchezo mchafu huishia kushika ile saa ya kupimia.

Sasa udiwani. Sikukatazi. Kuna wakati kugombea ndiyo hatua sahihi, na unatambulika kwa dalili: umepeleka ombi mahali sahihi, kwa wakati sahihi, likiwa na takwimu, na limekataliwa mizunguko miwili ya bajeti na watu walewale kwa sababu zisizosimama, au umegundua kwamba malango mengine sita yana tatizo lilelile na linalohitajika ni kanuni ya mji mzima. Hapo kiti kina kazi. Kugombea kwa sababu umesifiwa sokoni ni jambo jingine. Kampeni itakula muda ule ambao ungepimia barabara, na ukishindwa, wenye uamuzi watasema wananchi wamelikataa tuta, wakati wananchi walikuwa wanachagua mambo ishirini kwa pamoja.

Usidhani pia kwamba kura chache si kitu. Mwaka 2017, kwenye kiti kimoja cha bunge la jimbo la Virginia, Marekani, baada ya kuhesabu upya na kupita mahakamani, wagombea wawili walilingana kwa kura 11,608 kila mmoja. Januari 2018 jina la mshindi likachotwa kwenye bakuli, na kiti hicho ndicho kilichoamua kama chama kimoja kitakuwa na wengi au vyama viwili vitalingana kwa viti. Kwenye kata, ambako wapigakura ni wachache zaidi, wazazi wa shule moja walioombwa mlango kwa mlango wanaweza kubeba matokeo. Diwani wako analijua hilo vizuri kuliko wewe, ndiyo maana karatasi yako ya vipimo yenye saini za wazazi ataisoma hata usipogombea.

Siku ukiona dalili hizo, fanya hesabu hii kabla ya kuchukua fomu. Andika majina ya watu 30 watakaotoa saa nne kila wiki kwa miezi mitatu, kisha wapigie wote jioni moja uwaombe kwa maneno hayohayo. Chukua idadi ya waliosema ndiyo na kutaja siku, uigawe kwa mbili, kwa sababu karibu nusu wataanguka njiani. Ikibaki kumi au zaidi, nenda kachukue fomu. Ikibaki chini ya hapo, rudi kwenye ile barua ya kwanza, inayouliza barabara ni ya nani. Hiyo unaweza kuiandika leo usiku.